Chakula cha watoto ku masomo: makuta iko

Maneno ya harakati yetu mbele ya vijana wa Lubumbashi, tarehe 1 mwezi wa tatu

 

Tangu mwaka 2016, Umoja wa Afrika uliweka tarehe ya leo kuwa siku ya chakula ku masomo kwa Afrika nzima. Siku za namna hii tunazijua: kuko banderole, kuko hotuba, kuko picha ya mkubwa akimpa mtoto sahani, kisha sahani inarudi ku gari. Sisi hatuna banderole. Tulikuja na hesabu, ni fupi, na tutaifanya pamoja mbele ya kutawanyika.

Kwanza tuseme wazi jambo moja, ju kuko watu wanaongoja tukosee neno ili waseme vijana hawa wanapinga gratuité. Hatupingi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure ku shule za serikali. Kwa miaka mingi maneno hayo yalilala mu karatasi, na wazazi ndio walikuwa wanalipa walimu. Ni mwezi wa tisa 2019 ndipo serikali ilianza kuyatekeleza, na watoto mamilioni wakaingia ao wakarudi darasani. Wengi wetu tunakumbuka kufukuzwa ju ya minervali. Mnapanga mstari, direkta anasoma majina, unabeba mfuko yako, unarudi nyumbani ukijifanya hauna haya. Mdogo wako wa leo hajui mstari ule. Hiyo ni kitu kikubwa na tutaitetea.

Lakini njaa nayo inafukuza mtoto, ila yenyewe haisomi majina.

Mtoto wa zamu ya asubuhi anatoka nyumbani wakati jua halijakomaa. Ku nyumba nyingi za Katuba na Kenya, moto unawashwa mara moja kwa siku, mangaribi, wakati baba amerudi na kitu ao mama amemaliza kuuza. Bukari ya jana ikibaki, mtoto anaikula na chai. Isipobaki, anaenda hivyo hivyo. Wakati wa rekre, mwenye falanga kidogo ananunua mikate ya mafuta kwa mama anayeuza ku mlango wa shule. Asiye nayo anasimama pembeni, anaangalia mdomo wa mwenzake. Kisha kengele inalia, wote wawili wanarudi ku benchi moja, na mwalimu anawauliza hesabu moja. Mwisho wa mwaka tutasema huyu ana akili, yule hana.

Mtoto wa zamu ya mchana yuko na shida yake: ameshinda asubuhi yote akichota maji na kuchunga wadogo, anafika shuleni na jua kali, na darasa limejaa ju gratuité ilileta watoto kuliko ilivyoleta benchi.

Mwalimu mmoja wa mwaka wa kwanza alituambia hivi: “Kisha rekre, mi niko nafundisha paka bale ba mbele. Bengine beko, lakini habako.” Na mwalimu mwenyewe, tuseme ukweli, mara nyingi hajakula. Kuko walimu tunaowaita NU ambao serikali haijaanza kuwalipa, na gratuité iliwakatia ile prime ya wazazi. Anayefundisha na anayefundishwa wote wanangoja jioni.

Na mama mmoja ku soko ya Kenya, tulipomwambia tunataka kusema juu ya chakula ku shule, alicheka kwanza. Kisha akasema: “Bana yangu, masomo ni ya bure, sawa. Lakini mutoto anarudiaka saa ya rekre kuuliza kama niko na kitu. Mi niko na nini? Niko na deni.”

Wenzetu wa Kolwezi na Kambove wanajua sehemu ya pili. Kule, mtoto mwenye njaa halali, anaenda kutafuta. Mwaka 2016 Amnesty International ilionyesha dunia nzima watoto wanaookota, wanaobeba na wanaoosha mawe ya kobalti kwetu. Tangu wakati ule makampuni ya simu na ya magari yanatuma wachunguzi, kuko semina mu hoteli, kuko makaratasi ya kusaini. Sisi tunauliza kitu kidogo: mtoto anapata nini ku kariere siku ya kwanza? Anapata makuta ya kula siku ile. Si ya kesho wala ya maisha. Kama sahani iko ku masomo, hesabu ya mtoto na ya mama yake inabadilika siku ile ile, bila semina.

Wazee wetu wa Gécamines wakitusikia watasema: zamani kulikuwa mposho. Ni kweli. Kila mwezi mfanyakazi alibeba mfuko wa unga nyumbani, na watoto wengi wa Katanga walikomaa na unga ule. Haikuwa upendo. Kampuni ilijua kwamba mtu asiyekula hachimbi, na watoto wa camp njo wachimbaji wa kesho. Kisha kampuni ikaanguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa ile waliyoita “départ volontaire”. Kila mtu hapa ana mjomba ao jirani aliyepita mu mlango ule, na tunajua kama ilikuwa kwa kupenda.

Lakini shaba yenyewe haikuacha kutoka. Gécamines mu nguvu yake yote haikufikisha tani 500,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3. Mara sita! Malori yake tunayaona kila siku njia ya Kasumbalesa, tunakula vumbi yake. Kwa hiyo tukiambiwa “inchi ni maskini, ngojeni wafadhili”, tunaomba ruhusa ya kucheka kidogo kama yule mama.

Sasa hesabu. Toeni simu, wekeni kalkilatrisi.

Pale mashirika kama PAM yanalisha watoto ku masomo, mtoto mmoja anahesabiwa karibu gramu 150 za unga ao mchele kwa siku, gramu 30 ao 40 za maharagi, mafuta kidogo, chumvi. Si sherehe. Ni sahani ya kumwezesha kusikia mwalimu. Tuchukue shule ya watoto 600, kama ziko nyingi mu kartie zetu. Mara 600, gramu 150 inakuwa kilo 90 za unga kwa siku: haifike ata mifuko mine ya kilo 25. Maharagi tuweke gramu 40: kilo 24. Mafuta gramu 10: kilo 6. Mwaka wa masomo tuseme siku 200. Unga ni tani 18. Maharagi hayafike tani 5. Mafuta ni zaidi kidogo ya tani 1. Changanya yote: tani 24 kwa mwaka mzima.

Lori moja ya remorque inabeba karibu tani 30.

Lori moja, wandugu. Shule ya watoto 600 inakula kwa mwaka chini ya lori moja. Simameni ku barabara ya Kasumbalesa robo saa, mhesabu malori yanayopita na shaba, kisha mjiulize kila moja ni shule gani.

Bei hatukuandika makusudi. Bei ya unga hapa Lubumbashi mnaijua nyinyi wenyewe, inapanda kila Zambia ikifunga mahindi yake, na inashuka ikipenda. Hesabu ya kilo haipande. Mkubwa akituambia “ni ghali”, tutamwomba aandike bei yake pembeni ya kilo zetu, asaini.

Na makuta itoke wapi? Hapa njo pale tunaomba musikilize vizuri, ju vijana wengi wanajua majina ya wachezaji wote wa Mazembe lakini hawajui namba nne za sheria hii.

Kode ya mine ilibadilishwa mwezi wa tatu 2018. Kila kampuni inayochimba inalipa redevance. Kwa shaba ni 3.5 kwa mia. Kwa kobalti, tangu ilipoitwa madini ya strateji mwisho wa mwaka ule, ni 10 kwa mia. Redevance hiyo inagawanywa hivi: 50 kwa mia inaenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa mia inaenda kwa jimbo, 15 kwa mia inaenda kwa komini, sekta ao shefferie ambako mine iko, na 10 kwa mia inaenda mu mfuko wa vizazi vijavyo. Mfuko wa vizazi vijavyo! Tuliposoma jina hilo tulitazamana. Vizazi vijavyo tayari viko darasani, mwaka wa kwanza B, na havijakula.

Mbali na redevance, sheria inaamuru kila kampuni iweke kila mwaka angalau 0.3 kwa mia ya makuta yote ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji. Makuta hiyo inaongozwa na kamati ambamo kampuni inakaa pamoja na wawakilishi wa wenyeji. Wawakilishi wenu. Mnawajua? Muliwaona lini?

Mkubwa mmoja wa komini, hatutaji komini gani, alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuambia: ile 15 kwa mia ni ya miundombinu tu, sheria haituruhusu kununua maharagi. Tulirudi nyumbani, tukasoma. Kwa sehemu fulani ana haki: sheria inataka makuta hiyo ijenge vitu vya msingi vya jamii. Sawa. Jiko la shule ni nini? Depo ya kuweka mifuko isilowane, ni nini? Forage ya maji, meko yanayokula makala kidogo, choo na mahali pa kunawa mikono? Hivyo vyote vinajengwa kwa matofali na saruji, vinaingia mu sheria bila kusukuma. Basi komini na sekta zijenge. Chakula chenyewe kinunuliwe na jimbo, ambalo 25 yake haikufungwa kamba hiyo, na ile 0.3 isaidie pale kampuni zilipo. Hatutapoteza mwaka mzima tukibishana juu ya mfuko gani.

Hii inasaidia pia komini zisizo na mine. Kenya na Kamalondo hazina shimo la shaba, hazipati 15. Watoto wao hawawezi kula kufuatana na nani alizaliwa juu ya mawe. Ndiyo sababu tunagonga kwanza mlango wa jimbo.

Kuko wanaotuuliza: kwa nini hamuende kwa PAM? PAM inalisha watoto ku shule nyingi za mashariki, kule kwenye vita na watu waliokimbia, na inapaswa kubaki kule. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada, na PAM ikalazimika kupunguza hesabu ya watu inaolisha mashariki. Wandugu zetu wa Kivu na Ituri walilipa bei ya uamuzi uliofanywa mbali na wao. Jimbo linalotoa shaba kama letu likiomba sahani zile zile, tunakuwa tunawanyang’anya. Hilo hatutafanya.

Sasa tufike ku jambo lililotugawanya sisi wenyewe. Tulibishana siku mbili, sauti zilipanda, majirani walikuja kuuliza kama kuko matanga.

Je, mzazi alipe kidogo? Kuko wenzetu waliosema ndiyo, na hawakusema ujinga. Walitoa mfano wa Nairobi. Kule, tangu 2023, kuko programu ya Dishi na County: mtoto wa shule ya serikali analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, kitu kidogo sana, na kaunti inajazia. Walisema: kitu cha bure watu hawakiheshimu, na mzazi aliyetoa falanga 200 atakuja kuangalia kama mtoto alikula. Kuna ukweli ndani.

Lakini sisi tunajua inchi yetu. Siku kutakuwa makuta ya kantini, kutakuwa orodha. Siku kutakuwa orodha, kutakuwa mstari. Direkta atasoma majina, na minervali itakuwa imerudi kupitia dirisha la jikoni, na jina lingine tu. Mtoto hatafukuzwa darasani, hapana, atabaki darasani akisikia harufu ya maharagi ya wengine. Hiyo ni mbaya kuliko kufukuzwa. Kwa hiyo tulikubaliana, na waliokuwa na wazo lingine walikubali pia: ku shule za msingi za serikali chakula kiwe cha bure kwa kila mtoto aliye darasani. Mzazi anayetaka kusaidia alete makala, alete sombe, matembele ao lengalenga ya shamba lake, aje kukata kuni, aje kuosha masufuria. Iandikwe mu kaye ya COPA kama shukrani. Isiandikwe kamwe kama deni.

Na tunasema kila mtoto aliye darasani, si “watoto maskini” peke yao. Ukisimamisha watoto maskini mstari wao, watoto wenzao watawapa jina kabla ya rekre kuisha, na mtoto mwenye haya atakataa kula. Kama makuta haitoshi kwa shule zote, na mwaka wa kwanza haitatosha, tuchague shule, tusichague watoto. Tuanze na kartie ambako moto unawashwa mara moja: Katuba, Kenya, Ruashi, pembeni za Annexe, na kule Kolwezi shule zilizo karibu na kariere. Shule za mjini kati ambako watoto wanashushwa na gari zitangoja, na wazazi wao watatusamehe.

Nairobi wanapika ku majiko makubwa, kisha wanasambaza kwa gari. Hapa hatushauri. Mvua ya mwezi wa kwanza inajulikana vile inafanya barabara za Annexe, na umeme unajulikana vile unakatika. Jiko likae ndani ya uwanja wa shule. Wapishi wawe mama za kartie, waliochaguliwa na COPA na wanaolipwa. Wale wanaouza mikate ya mafuta ku mlango wawe wa kwanza kuitwa, ju kantini itaua soko yao, na hatutaki kulisha mtoto kwa kumnyima mama yake kazi.

Brazil waliandika mu sheria, mwaka 2009, kwamba angalau 30 kwa mia ya makuta ya serikali kuu kwa chakula cha shule inunue kwa wakulima wadogo. Fikirini kitu kama hicho hapa. Mkulima wa Kasenga ao wa Sakania leo analima akiogopa: akipata mavuno mengi, bei inaanguka, mahindi ya ngambo yakiingia, analia. Ukimwambia shule 50 za Lubumbashi zitanunua maharagi na samaki ndogo zake kila mwezi kwa bei iliyoandikwa, atalima na shamba la pili. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia na sote tuliona vile tumbo la Lubumbashi linategemea mahindi ya jirani. Na kuko mahindi ya Service national, kule Kaniama-Kasese, yanayolimwa na vijana waliookotwa ku barabara za Kinshasa. Unga wake umeshafika mpaka hapa kuuzwa kwa bei ya chini. Mahindi ya serikali, shule za serikali. Tunauliza tu lori ipite njia gani.

Mtasema: watakula wao. Unga utatoka depo usiku, direkta atajenga nyumba. Tunajua. Hatukukomaa ku mwezi. Ndiyo sababu hatuombi makuta ipewe direkta mu mkono. Tunaomba ubao mweusi ku ukuta wa nje wa kila shule, ule unaoonekana na watu wa njiani: kilo zilizoingia, kilo zilizopikwa leo, watoto waliokula, kilo zinazobaki. Mzani uwe pale, na kila siku ya posho mtu wa COPA apime mbele ya watu. Mwizi wa makaratasi anapatikana kisha miaka mitano. Mwizi wa maharagi, kama kuko ubao, anapatikana siku ya pili, ju watoto 600 watarudi nyumbani kusema leo hatukula. Na kwa kupima na kuhesabu, watu wako. Wengi tulio hapa tuna diplome ya université na hatuna kazi. Tunaweza kuwa na hasira juu yake, na tunayo, lakini asubuhi tuko wazima na kuhesabu tunajua.

Neno moja la mbali, kisha tumalize. Mwaka 2001, huko India, shirika la raia lilienda ku mahakama kuu likiwa na swali rahisi: ghala za serikali zimejaa nafaka, na watu wako wanakufa njaa, hii ni sheria gani? Mwezi wa 11 mwaka ule mahakama iliamuru majimbo yape watoto wa shule za msingi za serikali chakula kilichopikwa, si ahadi wala mfuko wa nafaka ya kubeba nyumbani. Leo India njo inalisha watoto wengi sana ku shule kuliko inchi nyingi za dunia. Haikuanza na ukarimu wa waziri. Ilianza na raia waliobeba Katiba yao. Yetu nayo iko na maneno: Ibara ya 47 inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula inalindwa. Hatusemi tutaenda mahakamani kesho. Tunasema karatasi tunayo.

Kwa sasa tunaenda ku bajeti. Mwezi wa 12 mwaka 2023, mara ya kwanza tangu Katiba hii ianze, tulichagua washauri wa komini hapa mjini. Wengi wao walikuja ku kartie zetu na pagne na bia. Wakumbushwe kwamba wao njo wanapiga kura juu ya bajeti ya komini. Tunataka mu bajeti inayokuja kuwe mstari wenye jina: jiko la shule. Kwa wabunge wa jimbo tunataka mstari wao: chakula ku shule za msingi, na kilo pembeni. Na kwa gavana tunaomba kitu kimoja kisichogharimu ata falanga: atangaze hadharani, komini kwa komini na sekta kwa sekta, kila moja ilipokea kiasi gani cha redevance tangu 2018. Wengine wenu mko Manika, Dilala, Fungurume, Bunkeya. Mkipata namba hizo mtatuma, ju bila hizo tunapigana gizani.

Barua ziko tayari. Kuko tatu: moja ya washauri wa komini, moja ya bunge la jimbo, moja ya gavana. Tutaziweka siku ya kwanza asubuhi, kila kundi ku komini yake, na barua ya jimbo tutaenda wote. Kila mtu achukue kopi, na asirudi bila muhuri wa accusé de réception juu ya kopi hiyo. Wakisema katibu hayuko, ngojeni katibu. Kama kisha siku 30 hatujajibiwa, tutaketi mbele ya ofisi na masufuria matupu, kwa utulivu, bila jiwe na bila matusi. Ibara ya 26 inatuomba kujulisha wakubwa kwa maandishi; tutajulisha. Watoto wa shule hatutawaleta. Wao wabaki darasani, sisi tutaketi.

Wa Katuba na Kenya, bakieni hapa kidogo, kuko fomu za kwenda kuhesabu watoto shule kwa shule. Wa Ruashi, kundi lenu liko chini ya mwembe. Anayejua kutumia mzani wa sokoni ajiandikishe kwa dada aliye na kaye nyekundu.